Somo la 8: Wafua Dhahabu Juu ya Ukuta

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Nehemia 1 hadi 6, Kut. 31:1–6, Kut. 36:2–7, Mt. 12:9–13, Luka 10:33–35, Mdo 9:36–42, 2 Kor. 8:16–21.

Fungu la Kukariri: Nehemia 4:6. Lisomeni kwa sauti, wote pamoja, kabla ya kufungua mjadala.

Jumapili ya Desemba 3, 2023, matope, mawe na magogo ya miti yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwamo Gendabi, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mwanzoni wengi walidhani ni volkano. Wataalamu waliotumwa na serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji ya mvua mpaka ikaelemewa na kumeguka.

Linapotokea jambo la namna hii, Sabato inayofuata husomwa tangazo: leteni nguo, unga, maharage, blanketi. Tunaleta, na ni vema. Lakini tazama tena benchi ulilokaa. Hapa Mpemba, kwenye barabara kuu iendayo Tunduma, na pale njia ya Isongole inapochepuka, kanisa lina watu wa kazi nyingi: dereva wa lori, wakala wa forodha, fundi umeme, muuguzi, mwalimu, mwashi, mhasibu wa halmashauri, fundi cherehani. Tangazo liliwaita wote kwa jina moja, "wenye nguo za kutoa". Hakuna aliyeitwa kwa kazi yake.

Huko Hanang, wanajeshi walikwenda na mitambo kuondoa matope. Wauguzi walifunga majeraha. Ilibidi maji yarudishwe kwenye mabomba, na watoto warudi darasani. Baadaye, katika eneo la Waret, serikali na Chama cha Msalaba Mwekundu walijenga nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya waliopoteza makazi, na kazi hiyo ilichukua kama mwaka mzima. Siku za kuokoa watu huwa chache. Siku za kurudisha maisha mahali pake huwa nyingi mno, na hizo haziendi kwa nguo za mtumba. Juma hili tunajifunza kuhusu sadaka ambayo haiingii katika bahasha: kazi unayoifanya Jumatatu mpaka Ijumaa.

JUMAPILI
Sura Tunayoiruka

Soma Nehemia 3. Isome yote, hata majina magumu.

Wengi wetu tukifika hapa tunakimbilia sura ya 4 penye maadui. Tusiende haraka. Yerusalemu ilikuwa imekaa na kuta zilizobomoka na malango yaliyoungua moto, na hii ni orodha ya waliojitolea kuijenga. Yupo kuhani mkuu na ndugu zake (aya ya 1). Wapo wafua dhahabu (aya za 8, 31 na 32). Yupo mtu wa kazi ya manukato (aya ya 8). Wapo wafanyabiashara (aya ya 32). Yupo mtawala wa nusu ya mtaa, na pamoja naye binti zake (aya ya 12), jambo ambalo mwandishi hakulazimika kulitaja lakini akalitaja.

Juma lile hakuna aliyehitaji pete Yerusalemu, wala mafuta ya kunukia. Yalihitajika mawe. Kwa hiyo mfua dhahabu aliweka chini nyundo yake ndogo akashika jiwe. Hili linagusa kiburi cha wasomi, tena linagusa mapema katika somo letu, kabla hatujaanza kusifu taaluma. Mtu anaweza kwenda kwenye maafa akiwa na shahada mbili, akakuta kinachotakiwa saa ile ni mtu wa kushusha magunia kwenye lori. Ashushe magunia. Hitaji ndilo linalopanga kazi, wala si cheti.

Watekoa wanatajwa mara mbili. Katika aya ya 5 wakubwa wao walikataa kuinamisha shingo kwa kazi hii. Katika aya ya 27 watu wa kawaida wa mji uleule, wakiwa wamemaliza sehemu yao ya kwanza, wanachukua sehemu ya pili. Maandiko hayatuambii wakubwa wale walikuwa na udhuru gani. Pengine walikuwa na vikao.

Sasa angalia aya za 10, 23, 28, 29 na 30. Wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Waliopatwa na hasara ndio waliokuwa wajenzi. Tunapoingia kijiji kilichoharibiwa, ni rahisi kuwaona wote kama vinywa vya kulishwa. Lakini chini ya turubai lile ameketi mwashi, amelala mwalimu, na yule mama anayechota uji alikuwa na duka juzi tu. Fundi anayetoka mbali akajenga nyumba nzima peke yake, huku waashi wa kijiji wameketi chini ya mwembe bila kazi, amewapa nyumba lakini amewanyima ujira na heshima. Swali la kwanza la mtu wa taaluma anapofika liwe: hapa nani anaifahamu kazi hii, na anakosa nini ili aifanye?

JUMATATU
Ruhusa ya Mfalme

Soma Nehemia 1:1–4 na 2:1–16. Nehemia alifanya mambo gani kabla ya jiwe la kwanza kuinuliwa?

Habari ilimfikia mwezi wa Kisleu. Alizungumza na mfalme mwezi wa Nisani. Ni kama miezi minne ya kuomba na, kwa jinsi alivyojibu alipoulizwa, ya kupiga hesabu pia. Mfalme alitaka kujua safari itachukua muda gani, naye akataja muda (2:6). Hakusema "Bwana akipenda nitarudi." Alikuwa mwajiriwa, na aliomba likizo yenye tarehe.

Kisha akaomba barua za kupita katika majimbo (2:7). Sisi wa mpakani tunaielewa aya hii kuliko watu wengi. Tumeona foleni ya malori kuelekea Nakonde, na tunajua karatasi moja ikikosekana mzigo unalala. Akaomba na barua ya mbao kwa mlinzi wa msitu wa mfalme, akieleza mbao ni za malango, za ukuta na za nyumba (2:8). Alikuwa na makadirio ya vifaa mkononi kabla hajafika eneo la kazi. Alipofika hakuhutubia. Alitoka usiku na watu wachache akakagua ukuta kwa macho yake, mpaka mahali ambapo mnyama wake hakuweza kupita (2:12–15).

Muuguzi anayeacha zamu bila ruhusa ili awahi kwenye maafa amehamisha maafa tu. Sasa yako katika wodi yake. Dereva anayepakia msaada juu ya dizeli ya tajiri wake bila tajiri kujua, dizeli ile si sadaka yake. Mwombe tajiri. Inawezekana akatoa lori zima, na baraka ikawa yake pia.

Vilevile tusifike kama watu waliojituma wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na chini yake zipo kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijijini. Kanisa lina ADRA. Wanataaluma na wajasiriamali Waadventista wana chama chao, ATAPE. Mtu mwenye ujuzi aripoti, aandikwe, apangiwe. Madaktari watano waliokuja kila mmoja kwa njia yake wanaweza kumpima mgonjwa mmoja mara tano na kumruka wa sita.

JUMANNE
Ukuta wa Bibi

Soma Kutoka 31:1–6 na 35:30–35. Mungu anasema amemjaza Bezaleli nini, na kwa ajili ya kazi gani?

Tuseme mvua za Machi zimeangusha ukuta wa nyuma wa nyumba ya bibi mmoja mjane hapa Mpemba. Kanisa linamtuma mwashi, kijana wa darasa letu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu. Mzee wa kanisa aliniambia utakuja."

Kijana anazunguka nyumba. Anagonga ukuta uliobaki, anainama kutazama msingi.

"Bibi, nikisimamisha ukuta huu peke yake, mwakani utaanguka tena. Maji ya paa yanamwagika hapahapa kwenye msingi. Na juu hakuna lenta."

"Ah, mjukuu wangu, hii ni kazi ya msaada. Usijisumbue. Weka tu tofali, upepo usiingie."

Hapo ndipo somo lote linaposimama. Bibi amempa ruhusa ya kufanya kazi mbovu, tena kwa upole na kwa baraka. Tajiri anayejenga nyumba ya kupangisha Tunduma angekuja na timazi yake, angegombana, angekata fedha. Bibi hatafanya hivyo. Atasema asante hata ukuta ukiwa umepinda, kwa sababu aliyepewa bure huona haya kulalamika. Kazi ya kujitolea ni kazi isiyo na mkaguzi.

Ni kwa kazi kama hii Biblia inamleta Bezaleli. Mungu anasema amemjaza Roho wake mtu wa kuchonga mawe na kukata mbao, akampa akili, maarifa na ujuzi wa kila namna. Roho hakumjia ili aache ufundi na kuanza kuhubiri. Alimjia ili avipatie vipimo. Vipimo vya hema, kama tujuavyo, viliandikwa kwa mikono na nusu mikono. Hakuna aliyesema, "Ni sadaka, basi tukadirie."

Tukitaka kujua uzito wa jambo hili, twende Kagera. Sabato ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa mkoa ule. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia waliumia, na nyumba maelfu ziliharibika. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zililazimika kufungwa. Tetemeko lenyewe hutikisa ardhi. Kinachomwangukia mtu ni ukuta. Mafundi wanajua ni ukuta wa namna gani: tofali zilizofungwa kwa udongo mtupu, pembe zisizoshikana, juu hakuna mkanda wa zege wa kuzifunga pamoja, na bati limepigiliwa juu ya yote hayo. Baada ya tetemeko kama lile, mwashi anayesimamisha ukuta uleule kwa njia ileile anaandaa msiba wa pili, hata kama hajadai senti.

Kwa hiyo kijana wetu afanye nini? Amwambie bibi ukweli. Arudi kwa kanisa na makadirio kamili: nondo, saruji, kokoto, bati la kukinga maji, mfereji wa kuyaondoa. Kama fedha hazitoshi kwa nyumba nzima, ajenge chumba kimoja imara, si vinne vya kuanguka. Na amchukue mjukuu wa bibi awe saidia fundi, maana Bezaleli alipewa pia moyo wa kuwafundisha wengine (35:34). Mwashi akiondoka, ujuzi kidogo ubaki uani.

JUMATANO
Vazi, Hesabu na Neno "Basi"

Soma Matendo 9:36–42, Kutoka 36:2–7, 2 Wakorintho 8:16–21.

Petro alipofika Yafa, wajane walimwonyesha nguo alizozishona Dorkasi. Idara yetu ya Dorkasi imelichukua jina lake, na wakati mwingine tumelipunguza likawa jina la kukusanya nguo zilizochakaa. Yeye alishona. Wajane walikuwa na kanzu zinazowatosha, kwa sababu aliyezitengeneza aliwafahamu. Fundi cherehani wa Mpemba anayekaa siku tatu kwenye kambi ya waathirika na cherehani yake, akipunguza suruali za wakubwa ziwaenee watoto na kushona sare za shule, yuko karibu zaidi na Dorkasi kuliko robota lililofungwa bila kufunguliwa.

Katika Kutoka 36 mafundi ndio waliogundua kwamba vitu vimezidi. Walimwendea Musa, naye akatangaza watu wasilete tena. Wakati wa maafa vitu visivyohitajika hujaza ghala, huzuia njia ya dawa, na huhitaji watu wa kuvichambua. Anayeweza kusema "basi" bila kuwavunja moyo watoaji ni mtunza stoo anayejua kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Kama unafanya kazi ya stoo na umewahi kujiona huna kipawa cha kanisani, soma tena aya ya 4 na ya 5.

Paulo naye, alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito na ndugu waliochaguliwa na makanisa, akieleza kwamba hakutaka mtu apate la kulaumu katika kusimamia fedha nyingi namna ile, mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Hilo la "mbele ya wanadamu" tunapenda kulipita. Baada ya tetemeko la Kagera, majuma machache tu, Rais alitengua uteuzi wa viongozi wawili wa mkoani humo kwa tuhuma za kufunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Hatuhukumu mtu hapa. Tuhuma peke yake ilitosha kumfanya mchangiaji wa mbali aishike fedha yake. Mhasibu anayejitolea jioni mbili kwa juma kuandika kila shilingi, na kubandika orodha mlangoni mwa kanisa, analinda mkate wa watu ambao hatawaona kamwe.

Na wakala wa forodha? Msaada ukitoka nje ya nchi hupita mpakani au bandarini, na msamaha wa kodi hautoki kwa huruma bali kwa nyaraka zilizojazwa sawasawa. Yeye anajua zijazwe nini na zipelekwe dirisha gani. Kazi aliyozoea kuifanya kwa ada, akiifanya mara moja bila ada, inaweza kufikisha dawa siku kumi mapema.

ALHAMISI
Sabato, na Malori Yakishaondoka

Soma Mathayo 12:9–13, Luka 10:33–35, Nehemia 5:1–13.

Tetemeko la Kagera lilitokea Sabato alasiri, kwa hiyo swali si la kufikirika. Je, fundi Mwadventista ashike sururu? Yesu alitaja kondoo aliyetumbukia shimoni, na hakuna aliyemsikia ambaye angemwacha mpaka jua lizame. Kumtoa mtu kwenye kifusi, kufunga jeraha, kukata umeme kwenye waya ulioanguka, kuegemeza nguzo kwenye ukuta unaotishia kuua: hizo ni kazi za Sabato. Kupiga lipu kwenye nyumba ya kudumu kunaweza kungoja Jumapili. Katikati ya hayo mawili yapo mambo ambayo darasa litajadili, nami sioni kwamba yanafungwa kwa kanuni moja. Lakini mizani isielemee upande wa kukaa.

Msamaria alitumia mafuta na divai aliyokuwa nayo safarini, akamfunga mtu yule jeraha, akamlaza nyumba ya wageni, akalipa. Halafu akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Tunamhubiri sana kwa kusimama njiani. Tumhubiri pia kwa kurudi.

Nehemia 5 inatuonyesha kinachotokea katikati ya ujenzi. Ukuta unapanda, lakini watu wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, na watoto wao wanaingia utumwani kwa deni. Ukuta pekee haukuwa uponyaji. Vivyo hivyo kwetu: malori yakishaondoka, mjane anabaki na hati ya kiwanja iliyozikwa kwenye matope, mkopo wa kikundi unaodaiwa kila Ijumaa, na mtoto asiyelala mvua ikianza kunyesha. Hapo anahitajika mwanasheria wa kuandika barua, afisa wa benki wa kueleza njia ya kuomba muda zaidi, mwalimu anayejua kukaa na mtoto anayeogopa mawingu. Kazi hizi hazina picha ya kupiga. Miezi sita baada ya maafa ndipo hupatikana watu wachache zaidi wa kuzifanya.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Kutoka 4:1–5, Mungu alipomwuliza Musa kuhusu kitu alichokuwa nacho mkononi. Linganisha na Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia katika Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba. Wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, na kijana mvuvi Majaliwa Jackson alitumia kasia kusaidia kufungua mlango. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walipona. Baadaye kijana huyo aliingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, akapata mafunzo. Kwanza kasia, kisha mafunzo. Katika darasa lenu wengine wana mafunzo tayari na bado hawajaulizwa mkononi wana nini.

Maswali ya Kujadili

1. Katika Nehemia 3 wafua dhahabu walibeba mawe. Katika Kutoka 31 fundi alifanya kazi ya ufundi wake hasa. Mtu atajuaje wakati wa kutoa ujuzi wake na wakati wa kuuweka chini?

2. Bibi alimwambia mwashi asijisumbue. Umewahi kupokea au kutoa msaada ambao hakuna aliyethubutu kuukagua? Darasa au kanisa lifanye nini ili kazi ya bure ipimwe kwa timazi ileile ya kazi ya kulipwa?

3. Mwanasheria au afisa wa benki akikutana na mjane wa Alhamisi, je, mwajiri wake na taratibu za kazi yake zinamruhusu kufika wapi? Nehemia alimwomba mfalme nini ambacho sisi hatujawahi kuwaomba waajiri wetu?

4. Pitisheni karatasi moja leo. Kila mmoja aandike jina lake, kazi yake, vifaa alivyonavyo, na siku ngapi kwa mwaka anaweza kupata ruhusa. Nani ataitunza karatasi hiyo, na nani ataipeleka kwa mwenyekiti wa kamati ya maafa ya kata kabla mvua za Novemba hazijaanza?